Ng'ombe wa Jiwe Uwanjani mwa Shule

Mashindano ya uchongaji yanayofanyika nje, tena katika uwanja wa shule, ni kazi tofauti kabisa na maonyesho ya ukumbini. Ukumbini sanamu huwekwa chini ya paa, huelekezewa taa, na watazamaji huipita mikono yao ikiwa nyuma. Shuleni sanamu hiyo hukutana na jua, mvua, udongo na mamia ya watoto wanaomiminika kengele ya mapumziko inapolia, na sijapata kuona kibao cha kukataza kugusa kilichowazuia watoto kugusa. Mimi ni mchongaji wa mawe. Nilizaliwa karibu na Tabaka katika Kaunti ya Kisii, na kwa miaka mingi nimefanyia kazi yangu Kisumu. Nilipoingia katika shindano la aina hii lililoandaliwa katika shule moja ya msingi mjini humo, nilitambua kwamba uwanja huamua mengi kuliko mchongaji, na kwamba anayeusikiliza uwanja mapema hupunguziwa taabu nyingi baadaye.

Shindano lilikuwa na hatua mbili. Kwanza kila mshiriki aliwasilisha kielelezo kidogo cha udongo pamoja na maelezo ya vipimo, uzito na namna sanamu itakavyosimamishwa. Kisha waliochaguliwa walipewa kila mmoja kipande cha ardhi uwanjani na likizo ya Agosti ya kufanyia kazi, ili wanafunzi warudipo kwa muhula wa tatu wazikute sanamu zimekamilika. Waamuzi wangekuja mara mbili: shule itakapofunguliwa, na tena mvua za vuli zitakapokuwa zimekolea. Sharti hilo la pili nililipenda tangu nilipolisoma, maana humnyima ushindi mtu ambaye ustadi wake wote umo katika rangi ya juu.

Kabla ya kufinyanga kielelezo niliomba ruhusa ya kuuona uwanja. Mwalimu mkuu alinikabidhi kwa mlinzi wa shule, mzee ambaye amekaa pale kuliko mwalimu yeyote, na huyo ndiye aliyenifaa kuliko karatasi zote za waandaaji. Tulipofika kwenye kipande kilichotengwa karibu na mlingoti wa bendera, alisimama akaupiga udongo kwa kisigino.

"Fundi, hapa ni pazuri kwa macho," aliniambia, "lakini mvua ikinyesha maji hutuama kutoka mlingotini mpaka mlango wa darasa la nne. Jua likikaza, ardhi hupasuka nyufa za kuingia mkono."

"Na kule chini ya mti, mzee wangu?"

"Kule ni kwa marabu. Wakirudi jioni kutoka jaani, hutataka kuwa na kitu chako pale."

Aliyoyasema mzee yule yana sababu zake. Sehemu kubwa ya ardhi ya Kisumu, hasa upande wa nyanda za Kano, ni udongo mweusi wa mfinyanzi ambao hufyonza maji ukavimba, kisha hunywea na kupasuka unapokauka. Mafundi wa ujenzi wanaujua vizuri, kwa kuwa huinua pembe moja ya nyumba na kuiacha nyingine chini mpaka ukuta ukatike. Sanamu nzito iliyowekwa juu ya udongo huo huanza kuinama msimu wa kwanza tu. Ama marabu, wale ndege wakubwa wenye upara wanaolala katika miti ya mjini, kinyesi chao hulichafua jiwe jeupe kwa madoa yasiyotoka kwa maji wala kwa sabuni. Niliwaandikia waandaaji nikaomba kuhamishiwa sehemu iliyoinuka kidogo kando ya njia iendayo kwenye tangi la maji, ambako murramu, yaani udongo mgumu wenye changarawe, ilikuwa karibu na uso wa ardhi. Walikubali bila shida. Ninavyoona mimi, washiriki wengi husita kuomba jambo kama hili kwa kudhani kwamba kiwanja kilichogawiwa ni amri, ilhali aliyekigawa huenda alikipima kwa macho kutoka ofisini.

Niliporudi pale kwa mara nyingine nilikuja na maboksi makuu ya maduka ya jumla, nikayafunga kwa kamba mpaka yakafikia ukubwa niliokuwa nikiufikiria, nikayasimamisha mahali penyewe na kwenda kuyatazama kutoka langoni. Kitu kinachojaza karakana huonekana kidogo mno kinapowekwa chini ya anga tupu, mbele ya jengo la madarasa lenye urefu wa mita arobaini. Hapo ndipo mchongaji anapaswa kuamua kama atapigania urefu au atafanya kitu cha chini kitakachowavuta watu wakaribie. Mimi nilichagua kukaa chini.

Suala la mwanga linahitaji kuelezwa kwa kirefu, maana sijaona likizungumzwa vya kutosha miongoni mwetu. Ikweta inapita Maseno, mwendo mfupi tu kutoka Kisumu, na kwa hiyo saa sita mchana jua la hapa husimama karibu utosini. Mistari mizuri iliyokwaruzwa juujuu kwenye ubavu wa jiwe, ambayo saa moja asubuhi huonekana kana kwamba inapumua, hupotea kabisa mchana kwa sababu haina kivuli cha kuitambulisha. Mchongaji wa nje katika nchi yetu analazimika kuchimba kwa kina na kuacha sehemu zinazochomoza juu ya nyingine, kama paji la uso juu ya jicho au nundu juu ya bega, ili kila kinachochomoza kitupe kivuli chake chini. Isitoshe, jua halikai upande mmoja mwaka mzima. Mwezi wa Agosti hupita kaskazini mwetu, na mwezi wa Desemba hupita kusini. Sanamu inayotazama kusini, ikikamilishwa Agosti, itamfanya mwenyewe aamini kwamba uso wake una giza, akazidi kuuchimba, kisha Desemba ifike na kuumulika wote. Niliuelekeza uso wa sanamu yangu mashariki, ambako watoto huingilia asubuhi, nikaacha ubavu mrefu utazame kaskazini na mwingine kusini, kila mmoja upate msimu wake.

Nyenzo nilikuwa nimeshaiamua moyoni: jiwe la sabuni la Tabaka. Wenzangu wawili walinionya, na onyo lao lilikuwa na uzito. Jiwe hilo ni laini sana, na kwa hiyo msumari au hata ukucha huweza kuliacha na alama. Hata hivyo ulainifu si udhaifu wa kila namna. Jiwe la sabuni halinyonyi maji kwa wingi, haliungui, na asidi ya mvua hailitafuni kama inavyolitafuna jiwe la chokaa. Kinacholidhuru ni kuchorwa na kugongwa. Nilijiuliza, basi, ni umbo gani ambalo kusuguliwa na mikono hakutaliharibu, na kutokana na swali hilo akaja ng'ombe: zebu aliyelala akicheua, miguu imekunjwa chini ya tumbo, nundu imeinuka, pembe fupi zimelazwa nyuma hadi zikagusana na shingo. Jiwe huvumilia kubanwa lakini halivumilii kuvutwa wala kupindwa, na kitu chembamba kinachojitokeza peke yake, kama pembe, mkia au sikio, hukatika mtoto wa kwanza anapoking'ang'ania. Anayetaka pembe ndefu kama za ng'ombe wa Ankole na atumie chuma.

Kuchagua jiwe kwenye machimbo ni elimu ya peke yake. Ugumu hutofautiana kutoka mshipa mmoja hadi mwingine, na rangi nazo ni nyingi: jeupe, la maziwa, la waridi, la kijivu, lenye mistari ya manjano au kahawia. Baba yangu mdogo, ambaye amechimba huko tangu ujana wake, hulipiga jiwe kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Likilia kwa mlio uliokaza, ni zima. Likitoa sauti ya kukohoa, kuna ufa ndani. Kisha hulimwagia maji na kusubiri, na hapo ndipo penye ufundi: uso wa jiwe hukauka haraka, lakini penye ufa maji hubaki, na utauona mstari mwembamba mweusi ukitambaa pale ambapo dakika chache kabla hapakuwa na kitu. Tulilikataa jiwe moja zuri la waridi kwa sababu ya mstari wa namna hiyo uliopita mahali ambapo shingo ingekaa. Nilichukua la kijivu.

Tabaka haikosi mifano ya kutia moyo. Elkana Ong'esa, ambaye ni wa kwetu, alichonga ndege wa amani aliyewekwa katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris, na watoto wa Tabaka hukua wakijua kwamba jiwe la nyumbani linaweza kusimama kokote. Lakini biashara ya kila siku ni ya viboko wadogo, sahani na vibao vya sataranji, vitu vinavyofungwa katika karatasi na kusafirishwa ng'ambo kwa makasha. Mchongaji aliyezoea vitu vya kushikwa kiganjani, akihamia jiwe la kuketiwa, hugundua kwamba mkono wake wote unahitaji kupanuka, na kwamba uzito si neno tena bali ni gharama. Mita moja ya ujazo ya jiwe hilo hukaribia tani 2.7 au zaidi. Kipande changu, chenye urefu wa mita 1.4 na upana na kimo cha sentimita 60 kila kimoja, kilikuwa na nusu mita ya ujazo hivi, yaani takriban tani 1.4, bila kuhesabu mabonge yaliyokuwa yamebaki pembeni. Kwa hiyo tulizikata kona zote za jiwe na kulipatia umbo la awali hukohuko machimboni, maana hakuna busara ya kulipia lori libebe vifusi kutoka Kisii, Oyugis, Sondu na Ahero hadi Kisumu. Vipande vilivyoondolewa walivichukua vijana wa kuchonga sahani, na hakuna kilichotupwa.

Shuleni, lori liliishia langoni kwa sababu ardhi ya ndani ilikuwa na unyevu. Tuliliteremsha jiwe kwa puli ya mnyororo iliyotundikwa kwenye nguzo tatu, kisha tukalivingirisha juu ya mabomba ya chuma, mitaimbo ikisukuma nyuma na mtu mmoja akihamisha mabomba mbele. Nawashauri wote wanaojaza fomu za mashindano kama haya waipime kwanza njia ya kutoka langoni hadi kiwanjani. Lango la shule hii lilikuwa na upana wa kutosha, lakini kulikuwa na mfereji wa maji uliofunikwa kwa vibamba vyembamba vya saruji, na ilibidi tuutandikie mbao nene kabla ya kuuvuka.

Msingi ulinichukulia muda kuliko nilivyopenda, ila siujutii hata kidogo. Tuliondoa udongo mweusi wote mpaka tukafika kwenye murramu ngumu, tukajaza mawe na kuyashindilia, kisha tukamwaga zege lenye nondo na kuliinamisha juu kidogo ili maji yasitulie chini ya tumbo la ng'ombe. Zege tulilifunika kwa magunia na kulimwagia maji kila asubuhi na jioni kwa wiki nzima, kwa kuwa saruji hupata nguvu kwa kuwa na unyevu, na jua la Kisumu hulikausha zege kabla halijashikana. Jiwe lilishikizwa kwa vipande viwili vya chuma kisichoshika kutu vilivyozamishwa katika matundu ya chini. Wengine hutumia nondo ya kawaida kwa sababu ni rahisi kupatikana, lakini kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, na nondo inayovimba ndani ya tundu hulipasua jiwe kutoka ndani baada ya miaka michache, wakati ambapo waamuzi wameshasahau na shule ndiyo inayobaki na vipande.

Kuchonga kwenyewe nitakupita upesi. Nilifanya kazi jiwe likiwa limeloa muda wote, kwa sababu vumbi la jiwe si la kuvutwa na mapafu ya mtu yeyote, na hata wakati wa likizo kulikuwa na watoto wa majirani waliokuja kutazama. Patasi pana, kisha patasi nyembamba, kisha tupa, kisha msasa wa maji kuanzia mkwaruzo hadi laini. Wanawake wawili wa Tabaka, ambao kazi yao ni kusugua na kung'arisha, walikuja kunisaidia mwishoni, na macho yao yaliona mawimbi kwenye ubavu ambayo mkono wangu ulikuwa umeyapita bila kuyahisi. Majina yao niliyaandika kwenye kibao pamoja na langu. Uso, nundu na mgongo tuling'arisha. Miguu na kitako tuliviacha na alama za patasi, kwa uamuzi wangu, ili mikwaruzo itakayoletwa na viatu ipate mahali pa kujificha.

Wanafunzi waliporudi, nilielewa kwa nini waandaaji walitaka uamuzi ufanyike wakiwapo. Kengele ya saa nne ilipolia, kabla waamuzi hawajafika kwangu, watoto watano walikuwa wameshampanda ng'ombe, wa sita amelala kifudifudi juu ya shingo. Mmoja wa waamuzi, ambaye alijitambulisha kuwa mhandisi, hakuangalia uso wa ng'ombe hata mara moja. Alipiga magoti, akapitisha vidole chini ya taya na katikati ya pembe na shingo akitafuta nafasi ambamo kichwa cha mtoto kinaweza kuingia na kukwama. Alinieleza kwamba katika vifaa vya michezo ya watoto matundu yenye upana kati ya milimita 89 na 230 hukwepwa, kwa kuwa mwili hupita na kichwa hukatalia. Pembe zangu zilikuwa zimeungana na shingo, hazikuwa na nafasi yoyote. Nilizilaza kwa hofu ya kuvunjika, na kumbe zilikuwa zimejibu swali la mtu mwingine.

Sanamu za wenzangu zilinifunza mengi kwa kuzitazama tu. Fundi mmoja wa vyuma kutoka karakana za wazi za jua kali za Kibuye alitengeneza mbuta mkubwa kwa minyororo ya baiskeli, gia na vibati, na kivuli chake chini kilikuwa kizuri kuliko samaki mwenyewe. Alimwinua juu ya nguzo mbili, mbali na mikono, kwa sababu alijua vizuri jinsi chuma kinavyowaka moto saa saba mchana. Kundi la vijana lilisuka mtumbwi kwa mafunjo na magugu maji ya ziwani. Ulipendwa na wote wiki ya kwanza, na mvua za vuli zilipokuja ukaanza kuzama katika umbo lake. Wapo waliosema kazi hiyo haikustahili kuingia katika shindano la nje. Sikubaliani nao. Vijana wale waliandika tangu mwanzo kwamba mtumbwi utaoza na kurudi udongoni, na kitu kinachotangaza umri wake hakijamdanganya mtu. Kilichonikera ni sanamu moja ya saruji iliyopakwa rangi ya kung'aa ili kufunika nyufa zilizokuwamo tayari siku ya kwanza.

Ushindi ulikwenda kwa samaki wa Kibuye, na sikuona sababu ya kubishana. Zawadi ya nafasi niliyopata ililipa lori na sehemu ya saruji. Hapa ningependa waandaaji wa mashindano yetu wasikie: mchongaji wa mawe au wa chuma hawezi kuendelea kugharamia nyenzo mwenyewe kwa matumaini ya zawadi, na ruzuku ndogo ya vifaa kwa kila aliyechaguliwa ingeleta kazi bora zaidi kuliko kikombe kikubwa cha mshindi mmoja. Ninasema hivyo hasa kwa sababu ya vijana, ambao baadhi yao walijitoa baada ya kuchaguliwa waliposikia bei ya usafiri.

Jambo la mwisho lilikuwa karatasi. Waandaaji walikuwa wamependekeza kwamba sanamu zote zibaki shuleni, nami niliridhia, ila niliomba tuandikiane. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 inamlinda mwenye kazi ya sanaa kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na kumiliki jiwe si sawa na kumiliki haki ya kulinakili umbo lake. Mtu akimpiga picha ng'ombe huyu barabarani sina neno naye, lakini kampuni ikitaka kumfinyanga kwa plastiki na kumuuza, ni lazima ije kwangu. Mwalimu mkuu alisoma rasimu yangu kwa makini, akaongeza kifungu ambacho sikuwa nimekifikiria: shule ikihitaji kujenga darasa pale, itanijulisha miezi mitatu kabla, na gharama ya kumhamisha ng'ombe itakuwa ya shule. Nami nikaongeza kwamba kila likizo ya Agosti nitakuja kumwosha kwa maji na brashi laini, kutazama viungo vya chini, na kumpaka nta upya mgongoni. Tulitia saini nakala tatu, moja ikabaki ofisini, moja ikaenda kwa bodi ya shule, na ya tatu ninayo.